Tulimwacha Robi Mkekani

Nilichomoa waya wa runinga ukutani. Sikupiga kelele kwanza na sikuomba ruhusa. Nilinyanyuka kwenye benchi na mtoto mgongoni, nikapita katikati ya kina mama walioshika kadi za kliniki, nikavuta mpaka plagi ikatoka na kipande cha plasta. Kioo kikawa cheusi. Binti wa shirika, aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia shida yangu ni hiyo maiti anayowaonyesha watu. Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa, akashusha sauti, akasema, "Pole, dada. Hii ni elimu tu. Huyu binti alikufa kweli, hapahapa Tarime."

"Alikufa lini?"

"Akiwa kidato cha tatu. Imeandikwa pale mwanzoni."

Najua imeandikwa. Niliandika mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nimetulia. Marwa, mtoto wangu mdogo, alikuwa anasubiri sindano yake, na pembeni yangu alikaa Mogesi, ana miaka minne, ananiita mama kwa sababu hana mwingine wa kumwita. Mogesi ni mtoto wa Robi. Nilimnyonyesha pamoja na Chacha, mwanangu wa kwanza, huyu titi hili yule titi lile, tangu alipoletwa kwangu akiwa na siku tisa. Yeye mama yake anamjua kwa picha moja tu, ile ndogo ya mtihani wa kidato cha nne, niliyoipeleka kukuzwa Bomani na kuitundika juu ya kabati la vyombo. Runinga ilipowashwa kina mama wengi waliendelea na soga zao. Mimi niliinama nikajifanya napekua mkoba, maana kinachokuja nakijua chote: yadi, wanawake, mkeka, kitenge cha njano. Nilishakiona kwenye simu za watu. Nilishakiona kwenye mkutano wa wazazi, na hata kanisani walikionyesha siku ya vijana, na mara zote niliondoka. Halafu Mogesi akanivuta kanga. Akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Mama, yule ni mama wa kwenye picha. Mbona wanamlilia na haamki?"

Basi. Hapo ndipo niliponyanyuka.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule tulipokuwa kidato cha tatu. Klabu ya maigizo ilikutana kwenye maabara ya baiolojia, chumba ambacho hakikuwa na dawa wala darubini. Kilikuwa na meza ndefu za zege, bango la mifupa ya binadamu ambalo mtu alilitoboa macho, na harufu ya karanga za kuchemsha alizokula Mwalimu Lameck kutoka mfuko wa koti lake. Alikuwa ametokea Singida, ndiyo kwanza anaanza kazi, shati limenyooshwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Siku hiyo alikuja na tangazo kwamba kuna shirika, hilihili la vizibao vya chungwa, linashindanisha shule. Kila shule itengeneze filamu fupi ya maigizo kuhusu maisha ya wasichana wa kwao, na zitakazochaguliwa zitaonyeshwa Mwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika kamera. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu ya mwandiko, na katibu ndiye akawa mwandishi. Kisa tulikimaliza siku tatu: msichana anatolewa shule, ng'ombe wanaingia kwa baba yake, anaolewa, anafia uzazini. Tukakiita Zizi Limejaa. Leo watu wakikisifu wanasema tulikuwa na ubunifu mkubwa. Ubunifu gani. Darasani kwetu kulikuwa na madawati mawili matupu ya wasichana waliokwenda kwa njia hiyohiyo.

Robi alipewa kufa kwa sababu hakuweza kukariri. Alikuwa mrefu, ana mwanya, ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na kila akipewa mstari aliusahau akaweka wa kwake, na wa kwake ulichekesha mahali tulipotaka watu walie. Mwalimu akaamua aseme machache mwanzoni kisha afe. Robi akalalamika, "Yaani mwalimu, kipaji changu chote hiki ni kulala?" Mwalimu akamjibu kwamba kufa vizuri ni kazi kubwa kuliko kuongea, na Robi akalichukulia neno hilo kwa uzito kabisa. Alifanya mazoezi juu ya meza ya zege, chini ya lile bango la mifupa, na sisi tukizunguka kumjaribu. Nilimnong'oneza sikioni majina ya wavulana mmojammoja. Hakutikisika. Tangu hapo shule nzima ikamwita Marehemu. Kwenye foleni ya chakula walikuwa wakisema mpisheni Marehemu, ametoka safari ndefu, naye anasogeza bakuli lake la bluu mbele na kumwambia mpishi kwamba marehemu hali maharage yasiyo na mchuzi. Alikuwa anakula mpaka anakwangua. Kuna wadudu waliokuwa wanaelea kwenye yale maharage, sisi tunawatoa na kijiko, yeye anasema nao wana nyama. Nikifumba macho sasa hivi nalisikia lile bakuli likikwanguliwa.

Sehemu ya msiba tulikwenda kuipigia Nyamwaga, kwa bibi yake Robi, Bibi Wankuru, siku ya Jumamosi. Kamera aliileta Denis, mpiga video wa harusi kutoka Bomani, ambaye hakuwahi kupiga kitu kingine chochote zaidi ya harusi. Alikuwa na mazoea yake. Akikuelekezea kamera anakwambia nyanyua kidevu, tabasamu, sogea kwa mwenzio. Tulimkuta bibi anapepeta ulezi. Shikamoo zikapita. Mwalimu akaeleza shida yetu kwa Kiswahili cha darasani, Robi akawa anatafsiri kwa Kikurya, na kadiri alivyotafsiri ndivyo mikono ya bibi ilivyozidi kwenda polepole, mpaka akaweka ungo chini. Alisema yadi tupige, kuku tupige, hata ng'ombe tukitaka. Lakini kumlaza mjukuu wake mkekani na kumlilia, hapana. Sehemu hiyo aliisema kwa Kiswahili, ili mwalimu asikie mwenyewe bila mkalimani.

"Sisi hatumlilii mtu anayepumua. Ukishamlilia umemtoa. Nani atamrudisha, wewe?"

Mwalimu akabembeleza. Akasema ni maigizo tu, mama, si kweli. Bibi akasema machozi hayajui maigizo. Ikabidi tukae kwanza tule. Tulipewa ndizi za kuchemsha na maharage, na chai ya maziwa iliyokolea moshi, katika chumba chenye kalenda tatu za miaka iliyopita. Denis akala akiwa ameipakata kamera kama mtoto. Nilipotoka nyuma kuosha vikombe niliwasikia wanawake wa jirani wakizungumza na bibi jikoni. Hawakujua niko pale. Mmoja alisema mwanawe aliyefukiwa kwenye shimo la dhahabu aliletwa amefungwa tayari, akazikwa harakaharaka, na yeye hajawahi kumlilia akashiba. Mwingine akasema na mimi ninao wangu. Nikasikia kuni ikisukumwa mafigani. Bibi alipotoka alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila mwanamke atamlilia marehemu wake mwenyewe, na jina la Robi lisitajwe. La pili, wakimaliza, Robi ainuke mbele ya kamera ileile, anawe uso, ale chakula mbele ya wote waliolia.

"Aliyeliliwa aonekane anakula," akasema. "Na hiyo picha ikae humohumo ndani, isitolewe."

Mwalimu Lameck akasema, "Nakuahidi, bibi." Bibi hakutosheka. Akamsimamisha, akamwambia arudie mbele ya watu, na mwalimu, na shati lake la pasi, akarudia.

Nimehudhuria misiba mingi tangu hapo. Sijasikia tena kilio kama kile. Robi alilala mkekani amefunikwa kitenge cha njano mpaka kidevuni, na wanawake sita walioketi kumzunguka wakaanza kidogo kidogo, kama watu wanaoona haya, halafu yule mama wa mtoto wa mgodini akaita jina la mwanawe, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa anaigiza. Denis alisahau habari za tabasamu. Mimi nilishika karatasi zangu za mistari na hakuna mstari uliohitajika. Tatizo ni kwamba hatukuwa tumewaambia majirani. Kilio cha namna ile kwetu hakipitwi. Kabla ya robo saa walikuwa wanaingia, wanawake na kuni kichwani na unga kwenye beseni, mwanamume aliyekimbia kutoka shambani na fimbo ya kuswagia ng'ombe bado mkononi, mzee mmoja ameshavua kofia tangu njiani. Huyo mzee alipoambiwa ni picha za shule aliivaa tena kofia yake. Akamwambia Denis, "Mura, zima hiyo mashine kabla sijaipiga." Akatuuliza kama huko shuleni tumekosa hesabu za kufanya.

Hapo bibi akamwita Robi ainuke. Robi akainuka, alama za mkeka ziko shavuni, akaletewa maji kwenye kibuyu akanawa uso, akaketi. Bibi mwenyewe akamwekea ugali wa ulezi na maziwa mgando. Yadi nzima, watu labda arobaini, wanamtazama msichana mmoja anakata tonge. Alikula kama alivyokuwa anakula shuleni, hakuona haya hata chembe, maziwa yanamtiririka kidevuni. Alipomaliza akanyanyua bakuli akamwambia bibi aongeze. Mtu mmoja akacheka. Kicheko kikaenda kwa mwingine, na mwingine, mpaka yule mama wa mtoto wa mgodini akacheka na uso bado umelowa, na mzee mwenye kofia akaketi juu ya kuni zilizoletwa msibani, akasema basi na yeye apewe ugali. Denis hakuzima kamera. Hakuna aliyemwambia aendelee. Aliendelea tu.

Filamu tuliiunga kwenye duka la Denis, Bomani, chumba kimoja nyuma ya banda la chipsi, tukiwa wanne tumebanana mbele ya kompyuta moja na feni inapuliza harufu ya mafuta. Kompyuta ya Denis ilijua harusi tu. Baba wa msichana alipopokea ng'ombe, ukatokea mduara wa mioyo miekundu ukawazunguka yeye na ng'ombe, na Robi akacheka mpaka akaketi sakafuni. Tuliondoa mioyo. Njiwa mmoja aligoma kuondoka, yuko pale mpaka leo, anaruka kwenye kona wakati msichana anatolewa shule. Halafu ikaja kazi ya kuwaleta watazamaji, maana mwalimu alisema filamu isiyotangazwa ni sawa na daftari lililofungwa. Tuliandika mabango kwa kalamu nene nyuma ya kalenda. Tuliomba kibanda umiza cha Nyamwaga, kile chumba cha mabati wanachoonyeshea mpira, watupe nafasi kabla ya mechi. Na siku ya mnada Robi alichukua kipaza sauti cha shule, akapita katikati ya ng'ombe na wauza mitumba, na tangazo alilitunga mwenyewe:

"Njooni mnione ninavyokufa, halafu mnione ninavyokula."

Watu walikuja. Kibanda kilijaa, wengine walichungulia kwenye matundu ya mabati. Wakati wa kilio wanawake walijifunika kanga usoni, na Robi alipoinuka mkekani chumba chote kilivuta pumzi kwa pamoja, halafu wakaanza kumhesabia matonge kwa sauti, moja, mbili, tatu, na alipoomba nyongeza wakapiga mabati. Walidai irudiwe, na mechi ikachelewa. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na nilifikiri hakuna kitu nitakachowahi kufanya kitakachowafurahisha watu hivi. Mpaka sasa sijakosea.

Halafu watu wa shirika wakaja shuleni kuiona. Walikaa kwenye ofisi ya mkuu wa shule, wakaletewa soda, na mimi kama katibu nikaruhusiwa kusimama mlangoni. Walilia kwenye msiba. Robi alipoinuka na kula, mmoja wao, mtaratibu tu, mwenye miwani, akasema filamu ina nguvu lakini mwisho unaivunja. Mtu wa mbali hatauelewa. Ameshaguswa, halafu unamchekesha. Akasema ikiishia pale mkekani itapita moja kwa moja, na ingefaa watu wajue kwamba mambo haya ni ya kweli. Siku iliyofuata Mwalimu Lameck aliniita chumba cha walimu. Alinipa chai na chapati nzima, kitu ambacho mwanafunzi hapewi. Hakunilazimisha, sitaki kumsingizia. Alisema tu kwamba kipande cha kula tutakihifadhi, hatukitupi, kitarudishwa baadaye, na sasa tunahitaji maneno mafupi ya kuweka mwanzoni na kwenye bango. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa sijawahi kufika Mwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba tutalala hotelini, kwenye chumba chenye bomba humohumo ndani. Nikafuta mikono mafuta ya chapati, nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri: Kisa cha kweli. Binti huyu wa Tarime alifariki akiwa kidato cha tatu. Mwalimu akasoma, akasema safi sana, Ghati.

Robi hatukumwambia. Ndiyo, hatukumwambia. Nilikaa naye kiti kimoja kwenye basi kutoka Tarime mpaka Mwanza, akanilalia begani, na sikumwambia.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine. Robi alivaa kitenge cha njano, kilekile, bibi alikuwa amempa kwa ajili ya safari. Wakati wa kilio alinifinya kiganja, akaniambia subiri sasa, waone navyokula hawa wa Mwanza. Skrini ikawa nyeusi. Taa zikawaka, watu wakasimama wakapiga makofi, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu, aliyejipaka manukato mazuri, akajifuta macho akamwambia mwenzake maskini, alikuwa bado mdogo. Robi alikuwa nyuma yake pale, angeweza kumgusa bega. Alibaki ameketi. Aliendelea kutazama skrini ile nyeusi, halafu akanigeukia.

"Ghati, mmeniacha pale chini."

Nikamwambia ni filamu tu. Nilimjibu kama mwalimu alivyomjibu bibi. Jioni walituletea samaki mzima mzima kwenye sahani, na Robi, ambaye hakuwahi kuacha tone la mchuzi, alimsukuma samaki kando. Tulirudi na cheti kwenye fremu. Kikatundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, nadhani bado kipo.

Hakusema nami karibu muhula mzima. Siku moja kwenye foleni ya chakula akaweka bakuli lake la bluu juu ya langu, kama zamani, tukaendelea. Aliwahi kumwomba Mwalimu Lameck kile kipande zaidi ya mara moja. Akiahidiwa kesho, anakuja kesho. Tulipomaliza kidato cha nne mwalimu alikuwa ameshahamishwa. Robi akapata kazi ya jikoni kwenye kambi ya wageni Robanda, huko Serengeti, akaolewa hukohuko na kijana wa Kiikoma aliyekuwa mlinzi wa mashamba, mtu mpole, ambaye anakesha kufukuza tembo. Alinipigia simu kunisimulia jinsi Wazungu wanavyoacha chakula. Anasema, Ghati, wanaacha nyama, wanaacha na mkate, mimi nalia.

Amekufa miaka minne sasa. Nitasema kilichomuua, kwa sababu kuna watu Nyamwaga wanasema tulimuua sisi kwa kumlilia mapema, na wengine wanatikisa kichwa wanasema ilishaonekana kwenye filamu. Robi aliuawa na kutoka damu. Alijifungua Mogesi asubuhi kwenye zahanati isiyo na damu ya kumwongezea, gari likaitwa, gari likafika jua linazama. Ndicho kilichotokea. Hakuna mkeka hapo, hakuna kilio. Nikimsikia mtu analeta habari za mkosi namjibu vibaya, awe mzee awe nani. Filamu yetu ilisema msichana asiyesoma anakufa. Robi alisoma, alimaliza, aliolewa kwa hiari yake, akafa vilevile, na hilo hakuna shirika lililokuja kupiga picha.

Lakini kwenye mazishi Bibi Wankuru aliniita. Alikuwa ameketi peke yake, ameegemea ukuta wa jikoni, macho makavu. Niliketi chini karibu naye. Aliniambia kitu ambacho nimekibeba peke yangu mpaka leo ninapokiandika. Alisema siku ile ya picha, wenzake kila mmoja alimlilia wake, kama alivyoamuru mwenyewe. Yeye alijaribu kumlilia marehemu mumewe, akashindwa. Alimwona mtoto amelala vile, amenyooka, akamlilia yeye. "Ndiyo maana nilitaka ale," akasema. "Nilitaka aonekane amerudi. Ile picha anayokula iko wapi, Ghati?" Nikamwambia iko Mwanza, bibi, imehifadhiwa. Akasema vizuri, mtoto akikua ataiona. Nimemdanganya mwanamke mzee siku anamzika mjukuu wake. Bado yuko hai, haoni vizuri, na kila nikimpeleka Mogesi kumsalimia anauliza.

Baada ya kuchomoa ule waya sikurudi kukaa. Muuguzi, mama mtu mzima, alimchoma Marwa sindano yake nje ya zamu, nadhani kwa kuogopa nisichomoe kingine. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Denis, nikiwa na watoto wawili. Siku hizi anauza makava ya simu, tumbo limemtoka. Alimtazama Mogesi, akauliza kama ni wa Robi, akampa kava lenye kipepeo ingawa hana simu. Alisema kadi zote za kamera alimkabidhi mwalimu, hakubaki na hata moja. Nikampigia mwalimu. Yuko Tabora, sauti ileile. Alisema alilikabidhi shirika kila kitu kwenye boksi, na cha kula kimo. Akasema pole sana, halafu akasema filamu ile inaokoa watu, na Robi mwenyewe angekubali itumike. Nikamwambia, "Mwalimu, Robi alikuomba kile kipande mpaka akachoka. Usiniambie angekubali nini." Nikakata.

Shirika lina ofisi Bomani, ghorofani, sakafu ya vigae. Walinisikiliza, wakaniletea maji, wakasema malalamiko ya mdomo hawawezi kuyafanyia kazi, niandike barua. Walidhani nitaishia hapo. Wamesahau nilikuwa katibu. Niliandika usiku uleule juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya Robi, nakala tatu kwa mkono, moja nikaipeleka ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, nyingine kwa shirika. Kijana wa mapokezi alisoma mstari wa kwanza, akanitazama, akagonga muhuri wa kupokelewa. Niliyobaki nayo inasema hivi.

*Ndugu Mkurugenzi,*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU FILAMU YA WANAFUNZI "ZIZI LIMEJAA" NA PICHA YA MAREHEMU ROBI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili wa kuwazaa na mmoja wa kumlea, mkazi wa Tarime. Nalalamika kwamba mnaonyesha filamu hiyo kliniki, kanisani na kwenye simu, mkisema binti anayeonekana mkekani alifariki akiwa mwanafunzi. Maneno hayo niliyaandika mimi nikiwa kidato cha tatu. Ni ya uongo, na nawaomba radhi wote walioyaamini. Robi alifariki akiwa mtu mzima, mke wa mtu na mama, kwa kukosa damu na gari. Kama mnataka kuonyesha kifo chake, onyesheni hicho.*

*Bibi yake aliruhusu picha za msiba zipigwe kwa sharti lililokubaliwa mbele ya watu, kwamba kipande ambacho Robi anainuka na kula kisitolewe. Kilitolewa ili nyinyi mpendezwe. Mnacho kwenye boksi mlilokabidhiwa na mwalimu. Naomba muache kuionyesha filamu hiyo mahali popote mpaka kipande hicho kirudishwe, na naomba nakala yake, kwa sababu mtoto wake ana miaka minne na hajawahi kumwona mama yake akiinuka.*

*Ili msikosee kukitambua: ana alama za mkeka shavuni. Anakula ugali wa ulezi na maziwa mgando mbele ya watu wote waliolia, anamaliza, na anaomba aongezewe.*

*Ghati, aliyekuwa katibu wa klabu.*